Kompyuta Yachagua Madini ya Betri: Mfanyakazi Je?



Betri za simu tunazouziana hapa Old Kampala zina kobalti. Kiwanda cha Kasese kiliitoa katika mabaki ya mgodi wa Kilembe toka 1999 hadi 2013. Mabaki yakaisha, kazi ikaisha.

Leo wataalamu huipa kompyuta hesabu za madini, nayo hukisia mchanganyiko utakaofaa kabla haujatengenezwa. Mwaka 2024 Microsoft na maabara ya Marekani walitangaza kuchuja michanganyiko milioni 32, ikabaki 18, kwa saa 80.

Wengine wanatafuta hivyo betri zisizo na kobalti. Basi mgodi waweza kufungwa hata kama madini yamo. Kompyuta hatuikatai. Tudai katika mikataba: taarifa mapema, mafunzo ya kazi mpya, na kiinua mgongo.

Umoja ni nguvu!