Vipodozi vilivyouzwa: Je, kweli havirudishwi?

“Bidhaa ikishauzwa hairudishwi.” Tangazo hilo limezoeleka katika maduka mengi nchini Uganda. Kwa mpambaji wa maharusi aliyetoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hadi jiji la Mbarara kununua poda na rangi za mdomo, maneno hayo yaweza kumgharimu mtaji wake. Lakini sheria inasemaje?

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaoridhisha. Kipodozi kikiwa kimeharibika, mnunuzi ana haki ya kukikataa, mradi asichelewe kulalamika na asiwe alionyeshwa kasoro hiyo kabla ya kununua.

Kubadili mawazo ni jambo jingine. Duka halilazimiki kurejesha fedha kwa sababu tu rangi haikumpendeza mteja, na kipodozi kilichokwisha kufunguliwa chaweza kubeba vijidudu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, kagua kifuniko, tarehe ya mwisho wa matumizi na viambato: zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini humo. Kisha dai risiti na uitunze. Malalamiko kuhusu ubora hupokelewa na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS.