Pini Ndogo, Roho za Watu

Kwa mkazi wa Goziba, injini ya mtumbwi ndiyo barabara, ndiyo jembe na ndiyo gari la wagonjwa. Kisiwa hiki cha Wilaya ya Muleba kiko mbali ndani ya Ziwa Viktoria, na fundi hapatikani kila saa. Ndiyo maana leo twapenda kuzungumzia kitu kidogo: pini ya giaboksi.

Ndani ya giaboksi ya injini ya kupachika mna kipande cha klachi kinachoteleza juu ya shafti ili kushika gia ya mbele au ya nyuma. Kipande hicho hushikwa na pini, nayo pini huzuiwa isichomoke kwa springi. Pini ikivunjika, injini hunguruma lakini panga boi halizunguki, na vipande vilivyodondoka huweza kutafuna meno ya gia.

Kuitoa kwataka subira kuliko nguvu. Kwanza mafuta ya giaboksi yamwagwe. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia na sili hazina budi kubadilishwa. Kisha springi iondolewe na shafti ilazwe juu ya ubao wenye tundu. Klachi isogezwe polepole mpaka vipande vya pini vilingane, ndipo vigongwe taratibu kwa panchi nyembamba kidogo kuliko pini. Kutoboa kwa keekee kuwe njia ya mwisho, kwani pini hiyo ni chuma kigumu na keekee huweza kuhama na kuharibu tundu. Hatimaye vipande vyote viunganishwe ili kuhakikisha kwamba hakuna kilichobaki ndani.

Kosa kubwa ni kuweka msumari mahali pa pini hiyo. Msumari ni laini, nao utakatika tena, pengine katikati ya dhoruba. Kinyume chake, injini nyingi ndogo zina pini nyingine kwenye panga boi, iliyofanywa laini makusudi ili ikatike panga boi linapogonga mwamba. Anayeiweka ngumu huhamishia pigo hilo kwenye gia. Kila pini ina kazi yake.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka majini karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi na mitumbwi yao ndio waliotangulia kuokoa watu. Basi uzima wa mitumbwi ni jambo la taifa zima.

Twawasihi wenye vyombo wachukue pini za akiba, makasia na maboya kila safari. Nao viongozi wa Wilaya, pamoja na VETA na SIDO, twawaomba wafikirie mafunzo ya mafundi wa injini visiwani, na duka la vipuri halali lililo karibu na wavuvi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ziwani hakuna mahali pa kuujenga.