KUPIGA PICHA WATOTO WAKICHEZA

Katika toleo hili ningependa kueleza jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kupiga picha watoto wakicheza nje. Najua kuna watakaosema, "Ah, hiyo nayo ni kazi? Si unafinya tu?" Hebu tazama picha za watoto zilizoko nyumbani kwenu. Wamepangwa mstari kama askari wa gwaride, mikono imenyooka, macho yametumbuliwa, na hakuna hata mmoja anayecheka. Hao ndio wale wale waliokuwa wakikimbiza mpira wa makaratasi mpaka kuku wakatorokea migombani. Kamera ilipofika, mchezo ukafa. Basi utapigaje picha ya mchezo bila kuuua?

Mimi nilifunzwa na mjomba wangu, ambaye hupiga picha za harusi hapa Runyenjes na mara nyingine hufika hadi Chuka na Nkubu. Yeye husema kwanza ulijue jua. Sisi tunaishi karibu sana na ikweta. Mstari wenyewe unakata barabara ya kutoka Embu, kati ya Nkubu na Meru mjini. Kwa hivyo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi, hasa mwezi wa Machi na Septemba. Kivuli cha paji la uso huangukia macho, na mtoto hutoka kana kwamba ana mashimo mawili usoni. Afadhali upige asubuhi kabla ya saa tatu, au ungoje saa kumi jioni jua likiinama. Lakini usikawie, maana huku kwetu likishazama, mnamo saa kumi na mbili na nusu, giza huingia upesi. Mwezi wa Julai ukungu ukishuka na manyunyu, watu hudhani hakuna picha. Kumbe ndio wakati mzuri! Mawingu hutawanya mwanga, nyuso hazina vivuli vikali, na udongo wetu mwekundu hukolea.

Kisha kuna rangi ya ngozi zetu. Mtoto akisimama mbele ya anga jeupe, kamera hupima mwangaza wote kwa pamoja, ikaona umezidi, ikaupunguza. Uso unatoka giza tupu, huoni hata pua. Zunguka ili nyuma yake kuwe na ua, migomba au majani chai, na kama unatumia simu, gusa uso wake kwenye kioo kabla ya kufinya. Zamani za filamu mambo yalikuwa magumu zaidi. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, ili rangi zilinganishwe na ngozi yake. Filamu zilipokuja kurekebishwa, baadhi ya waliokuwa wamelalamika ni watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, kwamba kahawia ya bidhaa zao haitoki sawasawa. Yaani chokoleti ndiyo iliyotutetea!

Mchezo nao lazima uujue. Katika kati, usimwangalie anayerusha mpira. Mwangalie yule wa katikati anapojipinda kuukwepa. Kwenye blada ngoja miguu iwe juu. Bano ni mchezo wa chini, basi nawe lala kifudifudi, shati litafuliwa. Kwa jumla chuchumaa, macho yako yawe sawa na ya mtoto, la sivyo utapiga vichwa tu. Anayekimbia anataka shata ya haraka, sehemu moja ya 500 ya sekunde au zaidi. Kwa simu, piga nyingi mfululizo halafu uchague moja.

Sasa nije kwenye lililo zito, nalo ni ruhusa. Siku moja tulipokuwa kwenye uwanja ulio karibu na soko, nyanya mmoja alituita.

"Mjukuu wangu, hizo picha mnazipeleka wapi?"

"Shosho, ni za kujifunza tu."

"Za kujifunza, halafu? Alikuja mgeni hapa akampiga huyu wangu akiwa na makamasi. Alipocheka, mgeni akaweka kamera kwenye mfuko. Sasa huko aliko wanamjua mtoto wangu kwa makamasi."

Mjomba alivua kofia, akaketi kando yake, akamwonyesha picha zote moja baada ya nyingine. Mbili alizikataa, zikafutwa papo hapo.

Nyanya huyo ana haki hata mbele ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na picha yake ni mojawapo. Mnamo Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto hadharani bila idhini ya wazazi. Wenzangu, hebu fikirini hayo kabla ya kurusha picha ya mtoto wa jirani kwenye WhatsApp. Anayeoga mtoni au aliyeraruka suruali msimpige kabisa, hata mzazi akikubali, kwani atakuwa mkubwa kesho na picha bado ipo.

Utasema, ukiomba ruhusa watoto watajipanga tena mstari. Ndiyo, watajipanga. Kwa hivyo waombe wazazi mapema, hata siku iliyotangulia. Ukifika, piga huo mstari wao, waonyeshe, wacheke, waishike kamera kidogo. Halafu kaa chini usifanye lolote. Subira huvuta heri: baada ya nusu saa hivi mtu mzima aliyeketi tu huwa hana maana tena kwao, na mpira unarudi uwanjani.

Picha iliyo kwenye ubao wa chama chetu, ya watoto wakiteremsha gurudumu mlimani, ilipatikana namna hiyo. Wengine wameniuliza mbona imekatwa upande wa kushoto. Palikuwa na mtoto wa nne, na babake alisema hataki.