Swichi Ndani ya Utumbo: Kilichopangwa na Kinachomfikia Mgonjwa

Miradi ya bakteria tiba huanza na wazo linaloeleweka. Huchukuliwa bakteria asiye na madhara, mara nyingi E. koli wa aina ya Nissle 1917, ambaye Ulaya ametumika kama dawa ya tumbo kwa miongo mingi. Hupandikizwa jeni ya kutengeneza protini ya tiba, na jeni hiyo huwekewa swichi. Mgonjwa akimeza kidonge fulani, bakteria wanaanza kazi palepale penye ugonjwa, iwe ni kwenye utumbo wenye vidonda au ndani ya uvimbe wa saratani. Akiacha kidonge, wanatulia. Ahadi hiyo ina uzito, kwa sababu protini nyingi za tiba huleta madhara zikisambaa mwili mzima.

Msingi wake ni imara. Namna bakteria anavyowasha jeni zake anapokutana na sukari ya maziwa ilielezwa na wanasayansi wa Paris mwaka 1961. Mwaka 1982 insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria ndani ya mapipa iliidhinishwa Marekani. Kwa hiyo andiko la mradi linaposema swichi inawezekana, linasema kweli. Tatizo liko kwenye ratiba, ambayo huandikwa kana kwamba utumbo nao ni pipa.

Ujenzi wenyewe huanza kwa kasi. Maabara nyingi hutumia kwanza IPTG, kemikali inayofanana na sukari ya maziwa lakini ambayo bakteria hawaili, hivyo kiwango chake hakipungui. Inawasha jeni vizuri, ila si dawa ya binadamu. Ikifika zamu ya mgonjwa, swichi hulazimika kujengwa upya ili iitikie dawa inayofahamika: jamii ya tetrasaiklini kwa kipimo kidogo, au aspirini, ambayo mwilini hugeuka salisileti. Muda wa kwanza kuliwa ni huo, na kwa kawaida haukuwekwa kwenye ratiba.

Kisha mwili unaleta masharti yake. Aspirini hufyonzwa kabla haijafika utumbo mpana, na bakteria wengi wamekaa huko. Kwenye uvimbe wa saratani njia ni nafuu kidogo, maana dawa hupelekwa na damu. Swichi nayo huvuja: protini kidogo hutengenezwa hata kidonge kisipomezwa. Na bakteria aliyebeba jeni ya ziada anachoka. Mwenzake aliyeipoteza huzaliana haraka kumpita, na baada ya vizazi kadhaa wavivu ndio wanaojaa.

Ndiyo maana baadhi ya miradi hubadili ramani katikati ya safari. Swichi ya kidonge huachwa, ikachukuliwa inayojiwasha bakteria akikosa oksijeni, kama ilivyo ndani ya utumbo. Ni uamuzi wa busara, na tiba inaweza kufanya kazi. Lakini tuwe wakweli: mamlaka ya daktari kuwasha na kuzima, ambayo ndiyo yaliyouza mradi tangu mwanzo, hayamo tena katika kinachokabidhiwa.

Yanayobaki viporo huwa ni ya mwisho wa njia. Kuwasha hupimwa sana, kuzima hupimwa kidogo, ingawa protini iliyokwisha kutengenezwa haiondoki kwa sababu tu kidonge kimeachwa. Hali kadhalika, namna ya kutunza bakteria waliokaushwa mahali penye joto na unyevu huachiwa awamu ijayo.

Gharama hupanda kwa sababu bidhaa ni kiumbe hai. Kila toleo lazima lithibitishwe kuwa bakteria ni hai, jeni ipo, swichi inaitika. Lazima pia kuwe na kizuizi cha kumfanya asiishi nje ya mwili, kwa mfano kumnyima uwezo wa kujitengenezea kirutubisho fulani. Usalama wa viumbe vilivyobadilishwa jeni una wakaguzi wake, na usalama wa dawa una wa kwake. Wote wanauliza maswali ya haki, na kila jibu lina miezi yake.

Ninalosisitiza zaidi ni uchaguzi wa kidonge. Huku kwetu watu hununua tetrasaiklini na aspirini dukani bila cheti cha daktari, na masalia ya dawa za mifugo hukutwa kwenye maziwa na nyama. Mgonjwa anaweza kuiwasha swichi bila kujua. Kinyume chake, kemikali safi isiyokutwa popote inalinda swichi, lakini inahitaji usajili na usambazaji wake yenyewe, na bei hupanda tena. Hakuna chaguo lisilo na kasoro. Ila ni chaguo linalofanywa mwaka wa kwanza na mtu wa maabara, na anayeishi nalo ni mgonjwa, miaka mingi baadaye.

Neno "kukamilika" nalo lifafanuliwe mapema. Kwa mtafiti huweza kuwa chapisho, kwa mfadhili huwa awamu ya majaribio iliyofungwa. Mgonjwa anahitaji vitu viwili kwa siku moja: bakteria walio hai na kidonge cha kuwawasha. Kimoja kikikosekana dukani, kingine hakina kazi. Wanaoandika mipango hii waiweke siku hiyo ndani ya ratiba, pamoja na gharama yake, kabla ya kuchagua swichi.