Istilahi za Vifaa vya Usalama katika Kiti cha Gari

Mfasiri wa mambo ya ufundi huweza kudhani kwamba istilahi ikikosewa, hasara ni ya lugha tu. Si hivyo daima. Katika makala haya tunachunguza majina ya vifaa vya usalama vya kiti cha gari, na tutaanza na magari ya zamani ya Kimarekani, kwa kuwa historia yake yaonyesha wazi kazi ya kila kifaa.

Tuseme mwalimu wa ufundi mjini Moshi amepata kitabu cha maelekezo cha gari la Kimarekani la mwaka 1969, naye ataka kuwafasiria wanafunzi wake. Wanafunzi hao ndio watakaotengeneza magari yapandayo Kibosho, Machame, Marangu na Rombo. Mji wa Moshi uko kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, na lango la Marangu, pa kuanzia safari ya mlimani, liko juu ya mita 1,800. Kila ateremkaye huko ajua kwamba dereva akikanyaga breki ghafla, gari husita lakini mwili huendelea mbele. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Likigonga mti, abiria asiyefungwa huendelea kwa mwendo ule ule mpaka azuiwe na usukani, dashibodi au kioo.

Mwaka 1949 kampuni ya Nash ilianza kuwauzia wateja mikanda ya viti. Ford nayo, katika magari yake ya mwaka 1956, ilitoa mikanda na dashibodi yenye mto kwa yeyote aliyekuwa tayari kulipa zaidi. Mwaka 1959 mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo, nchini Sweden, alitengeneza mkanda upitao begani na nyongani kwa pamoja, na kampuni yake ikawaruhusu watengenezaji wengine kuutumia. Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa magari mwaka 1966. Tangu Januari 1968 magari mapya ya abiria yalitakiwa kuwa na mikanda, na tangu Januari 1969 viti vya mbele vya pembeni vilitakiwa kuwa na kifaa cha kukikinga kichwa.

Sasa tuangalie majina yenyewe.

(a) Mkanda wa usalama. Jina hili limekwisha kuenea, nasi hatuoni sababu ya kulibadili. Neno "mkanda" peke yake halitoshi katika maandishi ya ufundi, kwa kuwa injini nayo ina mikanda yake.

(b) Mkanda wa nyonga. Huu ni ule wa zamani, upitao mapajani tu. Baadhi ya wafasiri huuita "mkanda wa kiunoni". Jina hilo lina hatari. Msomaji akiambiwa kiuno, ataufunga pale afungapo mkanda wa suruali, yaani juu ya tumbo. Gari likigonga, mkanda huo hukandamiza matumbo. Mahali pake ni chini, juu ya mifupa ya nyonga, ambayo ina nguvu ya kuuhimili mshtuko. Kwa mama mjamzito jambo hili ni zito zaidi: mkanda hupita chini ya tumbo, wala si juu yake.

(c) Mkanda wa nyonga na bega. Wako wapendao kusema "mkanda wa nukta tatu", kwa kufuata lugha za kigeni. Hesabu ya nukta humfaa fundi anayeufunga garini. Abiria hufaidi zaidi akitajiwa viungo vyake.

(d) Kizuia-kichwa. Hapa ndipo penye kosa kubwa. Wengi husema "mto wa kichwa" au "egemeo la kichwa". Mtu akisikia mto hufikiri starehe. Kwa hiyo hukishusha, au hukiondoa kabisa ili abiria wa nyuma waone mbele. Kumbe gari likigongwa kwa nyuma, kiti husukuma mgongo mbele na kichwa hubaki nyuma, shingo ikapindwa kwa nguvu. Kazi ya kifaa hiki ni kukizuia kichwa kisirudi. Kwa hiyo hukaa karibu na kisogo, tena juu, si shingoni. Hata waandishi wa sheria ya Marekani walichagua jina la kuzuia, wakaacha lile la kupumzisha.

(e) Komeo la mgongo wa kiti. Katika magari ya milango miwili, mgongo wa kiti cha mbele hulazwa ili watu wa nyuma waingie. Usipokuwa na komeo, gari likigonga humwangukia aliye mbele. Neno "komeo" tunalo tangu zamani katika milango yetu, na kazi ni ile ile: kufunga kitu kisifunguke chenyewe.

Kanuni itokanayo na mifano hii ni fupi: istilahi ya kifaa cha usalama na itaje kazi yake, au mahali pake mwilini, kabla ya kutaja umbo lake. Watumishi wanaoandika matangazo ya usalama barabarani, na walimu wanaofundisha udereva, tunawaomba wayajaribu majina haya mbele ya wasikilizaji wao, kisha watuarifu yapi yameeleweka bila kufafanuliwa na yapi yamekataliwa.