Kurisiti Form Four huku unauza mtandaoni: jipime kabla hujalipia

Kuna dada wa Iringa kaniuliza inboksi. Biashara yake ya WhatsApp inaenda, sasa anataka asome Astashahada ya biashara, ila cheti chake cha Form Four kina D tatu. Vyuo kama CBE na TIA, vyote vina kampasi hapa Mbeya, ngazi hiyo vinataka ufaulu wa angalau masomo manne, na ya dini hayahesabiwi. Kwa hiyo anapungukiwa D moja tu.

Mimi nimepita humo mara mbili. Mara ya kwanza nilirisiti masomo yote saba, eti nisafishe cheti. Nilikuwa nasoma usiku nikishamaliza kufunga mizigo, nasinzia juu ya daftari. Matokeo yakatoka: D zilezile, F zilezile. Mara ya pili nikachukua mawili tu.

Sasa mawili yapi? Hapo ndo wengi tunakosea, tunachagua tunalolipenda. D inaanzia alama 30, lakini matokeo hayakuambii kama F yako ilikuwa 28 au 6. Tafuta mtihani wa miaka iliyopita, weka simu chumba kingine, kaa masaa matatu kamili, halafu mpe mwalimu asahihishe. Mimi nilikuwa naapa kwamba Kiingereza kiko karibu. Kujipima, nikapata 19. Jiografia, ambayo sikuiwazia kabisa, 27. Hisabati ndo usiiguse kama tegemeo, somo hilo linaangusha watu nchi nzima. (Ndiyo, chuoni utakutana na hesabu tu. Ila saa hizi tunatafuta mlango kwanza.)

Na kumbuka, ulipokuwa shule alama za maendeleo zilikubeba kidogo. Mtahiniwa wa kujitegemea hana hizo. Karatasi ya siku ile ndiyo kila kitu.

Hela sasa. Usajili wa NECTA unafunguliwa mwanzoni mwa mwaka, wakati mtihani ni Novemba, na ukichelewa unalipa zaidi. Januari hiyo mauzo yamelala, kila mtu analipa ada za watoto. Mimi nilichofanya nina aibu kukiandika. Mteja wa Iringa alikuwa amenitumia 85,000 ya vitenge, nikachukua nikalipia mtihani na kituo, nikijua nitarudisha Ijumaa. Ijumaa sikuuza kitu. Yule mama alisubiri wiki tatu, nikamrudishia hela kwa mafungu, na hakununua kwangu tena. Alikuwa mwalimu, na walimu wenzake wanne walikuwa wateja wangu. Nao wakaondoka kimya kimya.

Mara ya pili nilifungua laini nyingine. Kila mzigo ukitoka, 1,000 inaenda huko, haijalishi faida ni ndogo kiasi gani. Mizigo minne kwa wiki, kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Januari, unavuka 80,000 bila kugusa hela ya mteja.

Ratiba ya kusoma iandike kwenye karatasi moja na ratiba ya biashara. Wiki ya Nane Nane hapa Mbeya usijidanganye kwamba utasoma, kama una meza pale viwanja vya John Mwakangale au hata kama unauza tu kwa simu. Andika kabisa "sisomi", na hizo saa zirudishe Julai. Novemba nayo wateja wanaanza kuulizia nguo za Krismasi, kwa hiyo mzigo wa sikukuu mimi nilinunua Oktoba.

Faida ya masomo mawili uliiona wapi? Kwenye duka. Hufungi wiki nzima nzima, unafunga siku za karatasi zako tu. Wiki moja kabla niliweka status: "Jumatatu na Alhamisi nina mtihani, mizigo ya Iringa na Makambako itapanda basi Ijumaa asubuhi." Watatu walighairi. Wengine walisubiri, na mmoja akaniuliza nafanya mtihani gani, kumbe na yeye ana F zake kabatini.

Jiografia ilitoka D. Kiingereza kikabaki F vilevile.

Dada wa Iringa, usitafute kituo wiki hii. Jumapili funga duka masaa matatu ujipime kwanza, halafu niambie umepata ngapi.