Siri ya Ufalme Imefichwa kwa Nani?

Sura ya 4 ya Injili ya Marko ina kauli mbili ambazo msomaji makini huona zikigongana waziwazi. Katika aya ya 11 na ya 12, Yesu anawaambia wanafunzi kwamba wao wamejaliwa siri ya ufalme wa Mungu, ilhali walio nje hupata mifano tu, yaani hadithi fupi zenye maana ya ndani, ili watazame wasione na wasikie wasielewe. Katika aya ya 22, aya kumi tu baadaye, anafundisha kuwa kila kilichositirika kimesitirika kwa kusudi la kuja kufunuliwa. Mathayo naye, katika sura ya 7, anaweka katazo la kuwapa mbwa vitu vitakatifu, kisha papo hapo anaahidi kwamba kila aombaye hupokea, na Yohana 18 inamwonyesha Yesu akimjibu kuhani mkuu kwamba mafundisho yake yote aliyatoa hadharani.

Kwa Wakristo wa Ang'urai na mji wa mpakani wa Malaba, magharibi mwa Kenya, suala la nani aliye ndani na nani aliye nje lina historia yake. Hadi mwaka 1902 eneo hili lilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda, na mpaka ulipohamishwa Wateso, wenyeji wa eneo hili, wakajikuta wamegawanywa kati ya tawala mbili. Injili iliingia Teso, upande wa Uganda, pamoja na wainjilisti Waganda waliotumia Biblia ya Kiganda iliyokamilika mwaka 1896, lakini Agano Jipya kwa Kiteso halikutoka hadi mwaka 1930, na Biblia nzima ikangoja hadi 1961. Katika miaka hiyo yote, Mteso aliyejua lugha ya mama yake tu hakuwa na njia ya kulifikia Neno lote isipokuwa kupitia kinywa cha mtu mwingine, na kama ni Mkatoliki, misa yenyewe aliisikia kwa Kilatini. Ni Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu ufunuo iitwayo Dei Verbum, ulioagiza kwamba waumini wote wafunguliwe njia pana ya kuyafikia Maandiko.

Kuyafungua Maandiko kuna matokeo ambayo wafunguaji hawayatawali. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeyatiisha maeneo ya Bukedi na Teso kwa manufaa ya Waingereza, alipoisoma Biblia kwa bidii yake mwenyewe alijiunga kwanza na Wamalaki, kundi lililokataa dawa za hospitali kwa hoja ya kimaandiko, na mwaka 1919, akishikilia sheria za Agano la Kale, akatahiriwa pamoja na wanawe na kuanzisha karibu na Mbale jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya, ambayo ingali hai. Hakuna mmisionari aliyekusudia mwisho huo, lakini pia hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba Kakungulu hakuomba wala hakutafuta.

Wataalamu wamelijibu fumbo hili la siri na ufunuo katika Marko kwa njia kadhaa. Ireneo, askofu wa Lyon, akiandika karibu mwaka 180 dhidi ya Wanostiki, yaani waliofundisha kuwa wokovu huja kwa maarifa ya siri waliyopewa wachache, alisisitiza kwamba mitume walihubiri mbele ya wote; naye Mjerumani William Wrede, mwaka 1901, alidai kwamba usiri wa Marko ulitokana na kanisa lililotaka kueleza kwa nini Yesu hakutambuliwa kuwa Masihi alipokuwa hai. Hoja ya Wrede ina nguvu, ila inaliacha jambo lililo wazi ndani ya sura ya 4 yenyewe: aya ya 10 inasema kwamba waliopewa siri ni wale waliobaki na kuuliza, wakiwemo watu wasiohesabiwa miongoni mwa Thenashara, na katika sura ya 8 wanafunzi haohao wanakemewa kwamba wana macho lakini hawaoni. Ukuta wa Marko, basi, hauwatengi watu wa aina mbili, kwa kuwa aliye ndani anaweza kuwa kipofu na aliye nje anaweza kurudi na swali.

Kwa msingi huo, mhubiri anayedai ufunuo wa pekee na kuwataka waumini wapande mbegu, yaani watoe fedha kwanza ili wafunuliwe, ameshika aya ya 11 na kuiacha ya 22, na anawadhulumu watu ambao wazazi wao walingoja miongo mingi kuisoma Biblia kwa lugha yao. Mwongozaji anahitajika, na Matendo ya Mitume 8 inakiri hivyo pale towashi Mwethiopia anaposhindwa kumwelewa Isaya bila msaada. Lakini mwinjilisti Filipo anamweleza bila malipo, anambatiza, kisha anaondoka, na yule towashi anaendelea na safari yake bila kumhitaji tena.